Naomba ushauri: deraya ya PVC inajikunja na rangi inabanduka

Wakuu habari. Niko Kigoma, Mwanga. Natengeneza deraya (vazi la kivita) ya maigizo kwa bomba la PVC, yaani plastiki ngumu ya mabomba ya maji, la inchi 6: limepasuliwa kwa urefu, likapashwa juu ya jiko la mkaa hadi likalegea kama chapati, kisha likabanwa kati ya mbao mbili mpaka likapoa. (Anayetaka kujaribu afanye nje, likiungua linatoa moshi wa asidi unaochoma koo.) Bamba la kifua ni sm 38 kwa 42. Mabega ni vipande vitatu kila upande, vinapandana sm 2, vimeshikwa kwa riveti na mikanda ya begi.

Kifua kikiachwa kwenye gari lililofungwa vioo mchana, kingo zinarudi kwenye duara la bomba. PVC inalegea kwenye nyuzi 80 hivi na haisahau umbo la kiwandani, hilo naelewa. Je, fito ya alumini ya mm 3 kwa ndani itatosha, au ni lazima faibaglasi?

Pili, rangi. Nimepiga msasa 120, 240, 400, nikamalizia 800 kwa maji (namba ikipanda, msasa ni laini zaidi), nikapaka praima (rangi ya msingi), halafu silva ya kopo. Kwapani, vipande vinaposuguana, inatoka kama ganda la kitunguu. Nahisi ile 800 ilitakiwa ije baada ya praima, kwa sababu plastiki laini mno haishiki kitu. Na nikipiga vanishi juu ya silva, mng'ao unakufa unakuwa kijivu. Mnamalizia na nini?