Corolla 110: stadi mbili za tairi la mbele zimekufa, naweza kubadilisha mwenyewe nyumbani?

Mluguru_Halisi
Wakuu, habari za muda huu. Nina Corolla 110 ya mwaka 1998, ndiyo inayopeleka watoto shule na kubeba mzigo wa mke wangu sokoni hapa Morogoro. Baada ya kuziba pancha, fundi alirudisha nati kwa mashine ya upepo bila hata kuzianzisha kwa mkono. Njiani nikaanza kusikia mgongano mbele kushoto. Kukagua, stadi moja (zile bolti zinazopita kwenye matundu ya rimu na kufungwa nati) imekatika, nyingine nyuzi zimeliwa: nati inapanda hadi katikati halafu inazunguka tu, haikazi. Zimebaki nzima mbili. Gari nimeliegesha, silisogezi.

Gereji moja wanasema lazima habu (kitovu kinachoshika stadi na kuzunguka na tairi) itolewe na beringi inunuliwe mpya. Fundi mwingine anataka kuchomelea stadi palepale. Nina jeki, soketi, nyundo na uwanja wa sementi. Je, inawezekana bila kutoa habu?

Spana17
Umefanya vizuri kuliegesha mkuu. Zikibaki mbili kati ya nne, mzigo wote unahamia kwao, na zenyewe hazitakawia kufuata.

Kuchomelea kataa kabisa. Stadi imepewa ugumu wake kiwandani kwa moto wa kipimo, na moto wa kuchomelea unauharibu. Joto lile linafika pia kwenye beringi na sili, grisi inaungua. Leo utalipia stadi, kesho utalipia beringi.

Habu mara nyingi haina haja ya kutoka. Weka mawe matairi ya nyuma, vuta hendibreki, legeza nati tairi likiwa bado chini, kisha inua na uweke stendi. Usiingize mkono kwenye gari lililosimama juu ya jeki peke yake. Toa zile bolti mbili za nyuma zinazoshika kalipa (kifaa kinachobana pedi za breki) na mabano yake, kisha ifunge kwa waya kwenye springi. Usiiache ining'inie kwa hozi ya breki, inapasuka kwa ndani na huwezi kuona. Diski ya breki ikigoma kutoka, angalia usoni pake: ina matundu mawili yenye nyuzi. Ingiza bolti za milimita 8, zikaze kwa zamu, yenyewe itasukumwa nje.

Hapo zungusha habu mpaka stadi mbovu ielekee penye nafasi upande wa nyuma, isukume itoke, ingiza mpya kwa nyuma.

MamaSpea_Gerezani
Kaka, kabla hujanunua, toa ya zamani kwanza uende nayo dukani. Toyota yako ni unene wa milimita 12 kwa uzi wa 1.5, yaani milimita 1.5 kutoka uzi hadi uzi. Nissan na Subaru nyingi ni milimita 12 pia lakini uzi wa 1.25, kwa macho zinafanana, na nati ya moja ukiilazimisha kwenye nyingine ndivyo nyuzi zinavyoliwa. Nadhani hata hizo zako ndivyo zilivyoanza. Kagua nati zote nne.

Angalia pia shingo ya stadi, pale penye meno yanayong'ata habu. Ikiwa nyembamba kidogo tu, itazunguka pamoja na nati siku ukipata pancha, na kuifungua ni mateso. Wateja wangu wengi wanapima urefu tu wanaondoka.

Makanika_Likoni
Spana17 amesema vyema, ila ndugu yangu, nyundo ningeiweka kando. Kila pigo linapokelewa na beringi. Tumia puli ya boljointi, inabana kichwa cha stadi na kuisukuma taratibu. Vitabu vya matengenezo vya Toyota navyo vinaelekeza hivyo. Huku Mombasa chumvi ya bahari inazishikisha sana. Tunapulizia mafuta ya kulainisha kutu usiku, asubuhi zinatoka.

Kuingiza mpya: panga washa kadhaa juu ya stadi, paka grisi kati ya washa na washa, halafu funga nati ya zamani ukiigeuza, upande bapa uguse washa. Kaza kwa mkono na spana ndefu, stadi itavutwa ndani. Mwanzo inakwenda laini, halafu inagoma ghafla. Chungulia nyuma: kichwa kikiwa kimelala sawasawa kwenye habu, acha. Nati hiyo itupe, imeshavutika. Na mashine ya upepo isikaribie kazi hii.

Mluguru_Halisi
Nawashukuru sana wakuu. Nimeazima puli, zote mbili zimetoka na habu ipo mahali pake. Ila stadi ya tatu nati inapita kwa kukwaruza. Niiache?

Spana17
Badilisha zote nne mkuu. Zile zilizobeba gari peke yake zimeteseka, hata kama kwa macho ni nzima.

Ukirudisha tairi, anzisha kila nati kwa vidole, kaza kwa kuvuka, moja kisha ya mkabala wake, umalizie tairi likiwa limegusa chini. Nyuzi ziwe safi na kavu, grisi pale hapana. Kipimo cha kukaza ni niutoni-mita 103. Kama huna spana ya kipimo, shika spana ya nusu mita na usukume ncha kwa nguvu ya kama kilo 21. Mtu wa kilo 80 akisimama juu yake amekaza karibu mara nne ya inavyotakiwa, na ndivyo stadi zinavyovutika.

Makanika_Likoni
Ukishatembea kama kilomita 100, rudia kukaza. Nati moja ikizidi kulegea kila mara, toa tairi uangalie tundu la rimu. Likiwa limepanuka, rimu hiyo usiirudishe garini.