Nairobi hadi Unguja, watu sita, Agosti 2026: basi la Namanga, SGR na Horohoro, au ndege?

Safari_Sita
Wakuu, habari za saa hizi. Tuko watu sita, tunaondoka Nairobi Jumamosi tarehe 15 Agosti na kurudi Jumapili tarehe 23. Tunataka usiku mbili Mji Mkongwe, zinazobaki ufukweni. Tunachagua kati ya njia tatu:
A) Basi la Nairobi–Namanga–Arusha–Dar, kisha boti.
B) SGR (treni ya kisasa) hadi Mombasa, basi la kupitia mpaka wa Horohoro–Tanga–Dar, kisha boti.
C) Ndege ya moja kwa moja Nairobi–Unguja.
Wote tuna pasipoti za Kenya, wawili hawana kadi ya homa ya manjano. Naomba ulinganisho wa kweli, si nauli tupu.

Konda_wa_Namanga
Mkuu, njia A inaamuliwa na saa ya boti ya mwisho. Boti za kasi hutoka Dar mara chache kwa siku, ya kwanza saa 1 asubuhi na ya mwisho karibu saa 10 jioni. Basi linalotoka Nairobi alfajiri huchukua saa 14 hadi 16, hata zaidi foleni ya mpakani ikiwa ndefu. Yaani mtaingia Dar usiku, na kulala Dar ni lazima. Wengi husahau kuuweka usiku huo kwenye bajeti.

Namanga ni kituo cha pamoja: mnagongewa muhuri wa kutoka Kenya na wa kuingia Tanzania ndani ya jengo moja. Kinachochelewesha kundi ni mtu mmoja asiye na kadi ya njano. Hao wawili wachanjwe sasa, maana kadi huanza kutambulika siku 10 baada ya sindano. Wengine wenye kadi za zamani wasihangaike: tangu Julai 2016 Shirika la Afya Duniani linaitambua kadi hiyo kwa maisha yote, hata kama imeandikwa miaka 10.

Jambo dogo linalokera: Tanzania ilipiga marufuku mifuko ya plastiki tarehe 1 Juni 2019. Nguo zenu msizifunge kwenye mifuko ya rambo ndani ya begi.

Mkifika Dar, ulizeni mapema basi lenu linaishia wapi. Likiishia stendi ya Magufuli, Mbezi, bado mko mbali sana na bandari. Laleni karibu na Kivukoni au Posta, muamke mnatembea kwa miguu hadi kwenye boti.

HesabuKwanza
Naongeza namba. Kiti cha kawaida cha boti kwa mgeni ni takriban dola 35, na Mkenya analipa kiwango cha mgeni. Watu sita ni dola 210 kwenda, 420 kwenda na kurudi. Ongeza vyumba vitatu Dar wakati wa kwenda na pengine vitatu tena wakati wa kurudi, teksi mbili kila mara kwa sababu sita na mabegi hawaenei gari dogo moja, na chakula cha njiani. Baada ya hapo ndipo mlinganishe na ndege. Ukilinganisha tiketi ya basi na tiketi ya ndege peke yake, basi litashinda kila siku, na jibu litakuwa si la kweli.

Na siku nazo zina thamani. Mna siku tisa. Njia A inakula mbili za kwenda na mbili za kurudi, mnabaki na tano. Njia C inakula nusu siku kila upande.

Kuhusu kununua tiketi za ndege: tafuta kwanza bei ya mtu mmoja, halafu ya sita. Viti vya bei ya chini vikiwa vimebaki vinne, mfumo hauwapi wanne bei ya chini na wawili bei ya juu; unawapandisha wote sita. Hapo nunua wanne kwanza, kisha wawili peke yao. Kuna faida nyingine pia: mmoja akijitoa, kumchomoa kwenye buking ya watu sita ni usumbufu mkubwa. Na majina yaandikwe kama yalivyo kwenye pasipoti, si kama mnavyoitana.

Mwana_wa_Kisauni
Njia B ilivyoandikwa siipendekezi. Treni ni nzuri, ila baada ya kushuka Mombasa bado mna safari ya kutwa hadi Dar, na boti mtaikosa vilevile. Mnalipia mwendo mrefu kuliko wote.

Ila ikateni katikati iwe njia D: SGR hadi Mombasa, kisha ndege ya Mombasa–Unguja. Angani hata saa nzima haifiki. Nauli ya treni daraja la kawaida ni shilingi 1,500, daraja la kwanza 4,500. Ya saa 9 alasiri inawafikisha Mombasa usiku, mnalala, asubuhi mnakwenda uwanjani. Ile ya saa 4 usiku inashusha watu Miritini kabla hata ya adhana ya alfajiri, na sita nyinyi mtakaa na mabegi mkisubiri kupambazuke. Iacheni.

Tiketi mnanunua kwa *639# au kwenye tovuti ya reli, malipo kwa M-Pesa. Wikendi za Agosti daraja la kawaida hujaa upesi kwa sababu ya likizo ya shule. Fikeni Syokimau saa nzima kabla: mabegi hupangwa chini yanuswe na mbwa, kisha mashine, kisha kitambulisho kulinganishwa na tiketi. Visu, pombe na makopo ya kupulizia huishia pale pale, hata kama ni dawa ya mbu.

Binti_Makunduchi
Jamani, mmesema njia, sasa tuseme bahari. Agosti ni kusi, upepo wa kutoka kusini. Boti ya kutoka Dar kuja Unguja upepo unaisukuma kwa nyuma, kwa hiyo kuja kuna nafuu. Kurudi Dar ndiyo inakata mawimbi usoni, na hapo matapishi ni kitu cha kawaida. Mwenye kichefuchefu akae chini, katikati kuelekea nyuma, ale kitu kikavu na ameze dawa kabla ya kupanda. Ikishaanza kuyumba amechelewa.

Ufukwe: Nungwi na Kendwa mnaogelea maji yakijaa au yakipwa. Paje na Jambiani ni pazuri na pametulia zaidi, lakini maji yakitoka mnaona mchanga, mashamba ya mwani na bahari kwa mbali. Hapo lazima muangalie mwezi. Mwezi mpya ni tarehe 12 Agosti, kwa hiyo mkifika tarehe 15 bado ni bamvua: maji hupwa kabisa kati ya saa 4 asubuhi na saa 6 mchana, yanajaa jioni. Robo ya mwezi ni tarehe 20, na tarehe 21 na 22 ni maji mafu: kupwa hakuendi mbali. Basi anzeni Mji Mkongwe, mwende Nungwi, mmalizie Paje. Wengi hufanya kinyume, halafu hulalamika kwamba bahari imekimbia.

Mkikodi nyumba nzima, muulizeni mwenyewe mambo matatu kabla ya kutuma arubuni: umeme wa TUKUZA (wa kulipia kabla ya kutumia) analipia nani, maji yakikatika kuna tangi, na kodi za serikali za kila usiku zimo kwenye bei au la. Viyoyozi vitatu vikilala vinawaka, salio la umeme linakwisha haraka sana.

Kumbukeni pia bima ya lazima ya Zanzibar, ipo tangu 1 Oktoba 2024. Inanunuliwa mtandaoni kabla ya kusafiri. Kiwango cha kawaida cha mtu mzima ni dola 44, na vya raia wa Afrika Mashariki vimo kwenye ukurasa huo huo wa malipo.

Mweka_Hazina
Pesa: mtu mmoja ashike, mwingine aone taarifa zote. Michango mitatu inatosha: wa kwanza wa usafiri, wa pili wa malazi, wa tatu wa matumizi ya kila siku. Tiketi isinunuliwe kwa jina la mtu ambaye mchango wake wa kwanza haujaingia, hata akiwa ndugu yako wa damu. Andikeni kabisa kwamba anayejitoa baada ya kununuliwa tiketi ndiye anayetafuta wa kuziba nafasi au kubeba hasara. Mkiwa Unguja, M-Pesa ya Kenya inatuma kwenda M-Pesa ya Tanzania, lakini shikeni shilingi taslimu za daladala na soko.

Safari_Sita
Asanteni sana. Tumekubaliana njia D kwenda, na kurudi ndege ya moja kwa moja. Swali moja: Mji Mkongwe hadi Nungwi, daladala namba 116 inabeba mabegi ya watu sita?

Binti_Makunduchi
Inabeba, yanapanda juu ya paa. Lakini ni kama kilomita 60 na inasimama kila mahali. Kwa sita, kodini gari dogo la abiria la viti saba au zaidi, mkubaliane bei ya gari zima, si ya kichwa, na mseme kabisa kama mtapitia shamba la viungo njiani. Mkikumbuka hilo mkiwa barabarani, bei inaanza upya.