Trela la chipsi na vinywaji: stebilaiza, gadi ya friji au kikata volti?

mkazi_kigamboni
Wakuu habarini. Nina trela la chipsi na vinywaji, nazunguka nalo Kigamboni, Coco na kwenye viwanja vya sherehe. Umeme nachomeka popote mwenye eneo anaponionyesha. Juzi taa zilizidi kuwaka ghafla, bodi ya friji ikaungua, na ekstensheni yangu yenye kinga ya radi ikatoa moshi. Fundi mmoja ananiambia stebilaiza, mwingine gadi ya friji, kile kidude cha kuchomeka kinachokata umeme ukiwa mbaya. Nishike lipi?

Fundi_Temeke
Pole sana mkuu. Taa kuzidi kuwaka hivyo ni dalili kubwa ya nyutro, yaani waya wa kurudisha umeme, kukatika. Feizi tatu zikipoteza nyutro, soketi ya volti 230 inaweza kupanda kuelekea 400, na inabaki huko mpaka mtu azime. Ekstensheni ile inameza mruko wa kufumba na kufumbua tu. Volti ikipanda na kudumu, kidude cha ndani kinachemka na kuungua.

Stebilaiza inafaa pale umeme unapokuwa mdogo kila jioni, kwa sababu inaupandisha. Kwako nataka kitu kinachokata. Funga kikata volti kwenye boksi la breka, kipangie kikate chini ya 190 na juu ya 250, na kisubiri dakika 3 kabla ya kurudisha ili gesi ya kompresa itulie.

mama_juisi
Mimi natumia gadi ya friji na friji langu liko salama.

Fundi_Temeke
Sawa dada, kwa friji inatosha. Ila inalinda kilichochomekwa kwake tu. Blenda na taa ziko nje.

dereva_wa_mizigo
Shemeji yangu yuko Marekani, ana trela la kulala. Huko wanachomeka kifaa kinaitwa EMS kati ya nguzo ya kambi na trela. Kinakagua volti, ethi (waya wa kwenda ardhini), nyutro, hata kama nyaya zimegeuzwa, ndipo kinaruhusu umeme. Tuagize?

Fundi_Temeke
Usiagize. Vingi ni vya volti 120, vinakata zikifika kama 132, kwa hiyo hapa havitaruhusu umeme kabisa. Ila utaratibu wao wa kukagua kwanza ni mzuri mno. Kuna kipima soketi cha kuchomeka chenye taa tatu. Kitumie kabla hujachomeka trela. Kikionyesha ethi haipo au nyaya zimegeuzwa, mwambie mwenye eneo arekebishe kwanza.

asha_mbagala
Mnaongelea mafriji, watu je? Bodi la trela ni chuma na limekaa juu ya mpira. Waya ukichubuka ndani, mteja aliye peku kwenye mchanga wenye maji akishika kaunta, umeme unapitia kwake kwenda ardhini. Breka kubwa haitajua. Weka breka ya kuvuja ya miliampea 30, ile inayokata umeme ukianza kuvuja. Hiyo inakata hata kama ethi ya uwanja ni mbovu. Ibonyeze kitufe cha majaribio kila unapofungua biashara. Nawaomba jamani, hili msiliache.

mkazi_kigamboni
Asante dada Asha, nanunua vyote viwili, kikata volti na breka ya kuvuja. Kikaangio changu ni wati 3,000, nichomeke vipi?

Fundi_Temeke
Kikaangio hicho peke yake kinakula ampea 13, na plagi ya kawaida ya pini tatu mwisho wake ndio huo. Ukiongeza friji inayeyuka. Weka plagi ya bluu ya ampea 32, na waya wa milimita za mraba 6 kama unavuta mbali. Umeme ukiingia kwenye trela, kianze kikata volti, ifuate breka ya kuvuja, halafu breka ndogo za kila mzigo.