"Na" ya Kiswahili, "na" ya Kiamhara, "na" ya Kigujarati: ni ukoo mmoja?

LesoBiashara:
Hamjambo wanajukwaa. Nauza leso na vitambaa Biashara Street, kwenye duka la familia ya Kigujarati, na naishi Eastleigh, ploti ambayo majirani wa chini ni Wahabeshi. Kuna silabi moja inayonifuata kutwa. Dukani, nyanya mwenye duka akiona fundi ameshika makasi kabla kitambaa hakijapimwa mara ya pili, huinua kiganja: "Na, na, na!" Yaani hapana, usikate. Jioni nikipanda ngazi, mama wa chini anamwita kijana wake anayecheza koridoni: "Na!" Mtoto anaacha mpira na kuja mbio. Dukani inazuia, nyumbani inaita. Kwetu Ukambani, kama ilivyo kwa Kiswahili, inaunganisha tu.

Kaka yangu anashikilia kwamba hiyo ni dalili kuwa lugha za Afrika na za Uhindi zilizaliwa na mama mmoja. Sijaridhika. Neno moja la urithi litafikaje kuwa njoo, hapana, na pamoja? Nataka kujua kama kuna undugu hapo ama ni sauti zimegongana njiani. Na zaidi, mtu anatumia njia gani kujua?

Kijana_SecondAvenue:
Dada, ongeza na zetu. Kwa Kisomali "na" ni sisi tunaotendwa: "wuu na arkay" ni "ametuona". Tena kuna -na nyingine inayoshikana na mwisho wa neno ikiunganisha habari mbili. Cali ameondoka, "Axmedna", yaani naye Ahmed, amekuja. Hiyo ya pili inakaribiana sana na "na" ya Kiswahili, na naona ndiyo inayowapa watu kama kakako nguvu.

Halafu kazini kwetu kuna Waborana. Wao wakisema "na arge" wanamaanisha "ameniona". Sisi kwa Msomali, mimi kwa Mborana, na kitenzi karibu ni kilekile.

RhumbaJumapili:
Kilingala je? "Nakei na zando": na- ya kwanza ni mimi, na ya pili inaonyesha ninakoelekea. Naenda sokoni. "Mwana na ngai" ni mtoto wangu. Na "papa na mama" ni baba na mama, kama sisi tu. Wajaluo nao: "kelna pi" ni niletee maji, -na hapo ni kwangu. Mkitazama filamu za Nigeria mtasikia "na so", yaani ndivyo hivyo. Mimi namuunga mkono kaka. Haiwezi kuwa bahati mara zote hizo.

MwalimuMstaafu_Buruburu:
LesoBiashara, binti yangu, umeuliza swali zuri, na sehemu iliyo nzuri zaidi ni ile ya mwisho: mtu anajuaje. Nimefundisha Kiswahili miaka mingi na jambo hili naliona likiharibiwa kila siku mitandaoni. Mtu anaokota neno moja, analilinganisha na jingine linalofanana, basi tayari ametangaza ukoo. Niruhusuni niende polepole.

"Na" ya Kiswahili, Kikamba, Kikuyu, Kilingala na Kizulu ni urithi mmoja kweli. Hapo Rhumba hajakosea. Lakini hatujui hivyo kwa sababu ya "na". Tunajua kwa sababu maneno mengine yanasimama pamoja nayo. Chukua tatu na tano. Kikuyu husema ithatũ na ithano, Kilingala misato na mitano, Kizulu -thathu na -hlanu. Chukua ngeli, chukua jinsi kitenzi kinavyobeba viambishi mbele na nyuma. Kila mlango unaobisha unajibiwa na mtu wa nyumba moja.

Sasa nenda kwa jirani yako Mhabeshi na ubishe vivyo hivyo. Tatu ni sost, tano ni amist. Hakuna anayejibu. Kiamhara ni cha jamii ya Kisemiti, jamii ya Kiarabu na Kiebrania. Na "na" yake si neno lililokaa peke yake, ni umbo moja la kitenzi. Msikilize siku anamwita binti yake. Hatasema "na", atasema "nei". Akiwaita wote wawili ni "nu". "Na" ya kwetu haijali kama unazungumza na mvulana au na msichana.

Hapa kuna mtego ambao ningependa uujue. Saba kwa Kiamhara ni sebat. Ukianza na saba utaruka kwa furaha, utasema Mswahili na Mhabeshi ni ndugu wa damu. Lakini saba yetu tuliiazima kwa Waarabu, pamoja na sita na tisa, na Mwarabu ndiye aliye ndugu wa Mhabeshi. Undugu ni wao, sisi tumepokea neno kwa mkopo. Ndiyo maana tunaanza na tatu na tano, ambazo hatukuziazima.

Kigujarati ndicho kinachonifurahisha zaidi. Hiyo "na" ya nyanya wa dukani ina ndugu hapa Nairobi, ila ndugu huyo unamsikia kila siku bila kumtambua: ni "no" ya Kiingereza. Kisanskriti, lugha ya kale ya Uhindi, kilikanusha kwa "na", na Kiingereza cha kale nacho kilitamka neno hilo "na", kwa a ndefu, kabla a hiyo haijageuka kuwa o. Mwulize nyanya tatu ni nini, atakwambia tran. Mrusi atasema tri, Mwingereza three. Jaji mmoja Mwingereza aliyekuwa Calcutta, William Jones, ndiye aliyelisema hadharani mwaka 1786, kwamba Kisanskriti, Kigiriki na Kilatini zinafanana kwa kina ambacho bahati haiwezi kukieleza. Kwa hiyo "na" ya Kigujarati ni ndugu wa "no" wasiyefanana kwa sauti, na si ndugu wa "na" yetu wanayefanana kabisa. Ndani ya ukoo huohuo, "na" ya Kirusi ni "juu ya": "na stole", mezani. Na Mrusi akikunyoshea kitu akisema "na!", anakwambia shika. Hata nyumba moja inaweza kuwa na "na" zisizohusiana.

Rhumba, unauliza mbona bahati mara nyingi hivyo. Kwa sababu ni silabi. Lugha nyingi mno duniani zina n na zina a. Kiswahili kina irabu 5 na konsonanti zisizofika 30, kwa hiyo silabi nyepesi za aina hii ni mia na kidogo tu. Na kila lugha huweka viunganishi, viwakilishi na vihusishi vyake kwenye maneno mafupi kama haya, maana vinatumika kila dakika. Zikutanishe lugha arobaini hapa mjini. Ingekuwa ajabu kama zisingegongana.

Hata Kiswahili chenyewe kimeibebesha silabi hii mizigo kadhaa: "Wazazi wana shamba na wanapendana na wanaheshimiwa na majirani." Tafuta kila "na" hapo. Moja inamiliki, nyingine zinaunganisha, nyingine ni wakati uliopo, na ya mwisho inamtaja mtenda. Ile iliyo ndani ya "-pendana" si "na" hata kidogo, ni -an- ya kutendana.

Tena hata maana ikilingana, bado si ushahidi. Australia kulikuwa na lugha iitwayo Mbabaram, na neno lao la mbwa lilikuwa "dog". Hawakuazima kwa Waingereza. R. M. W. Dixon, mwanaisimu aliyeichunguza, alionyesha jinsi neno hilo lilivyobadilika hatua kwa hatua kutoka neno la kale la hukohuko Australia.

LesoBiashara:
Mwalimu, asante sana. Jana jioni nilisimama kwenye ngazi makusudi. Msichana ameitwa "nei", vilevile ulivyosema. Leo nyanya wa dukani amenihesabia hadi kumi na tran nimeisikia kwa masikio yangu. Kaka nimemtumia haya yote. Amekubali la Kiamhara, la -na ya Kisomali bado anabisha.

Kijana_SecondAvenue:
Basi mwambie kaka hivi. Nimefanya alivyofundisha mwalimu. Kisomali: tatu ni saddex, tano ni shan. Nimemuuliza Mborana wa kazini: sadi, shan. Nikamuuliza Mjaluo: adek, abich. Kiswahili hakimo kabisa kwenye safu yetu.

MwalimuMstaafu_Buruburu:
Umefanya kazi ya kisomi, kijana. Kisomali na Kiborana zote ni za Kikushi, na lile "arkay" na "arge" uliloliona mwanzoni ni ushahidi mzito kuliko "na" zote tulizozitaja. Ukimpata Mrendile, andika zake pia, moja hadi kumi, kabla hujaanza kulinganisha.