Wauzaji wa nyasi bandia Arusha, acheni kutudanganya sisi wenye mbwa

Ndugu wanajamvi, salaam.

Uzi huu naufungua nikiwa na hasira, na sitajifanya kuwa sina. Kuna duka hapa Arusha, ambalo silitaji kwa sababu shauri langu nalo bado halijaisha, lililonitandikia nyasi bandia uani kwangu Moshono huku likijua fika kwamba ua huo ni wa mbwa wawili wakubwa, jike na dume, wanaoshinda na kulala humo. Leo ua wote unanuka kama choo cha stendi kilichokatiwa maji, na mwenye duka ananiambia kwamba mbwa wangu ndio wenye matatizo.

Kabla sijatoa hata senti moja nilimuuliza fundi, mbele ya bosi wake, mkojo wa mbwa utakwenda wapi. Akaligeuza kapeti la nyasi hizo, akanionyesha matundu madogo yaliyotobolewa kwenye mgongo wake mweusi, akasema, "Mama, ondoa wasiwasi, hii ni maalumu kwa mbwa, maji yanapita yenyewe." Ni kweli yanapita. Asichokisema ni kwamba wangelibandika kapeti hilo kwa gundi juu ya zege la zamani lililo bapa, lisilo na mteremko wala njia ya maji, hivyo mkojo unapita kwenye tundu, unakutana na zege, unatuama hapo hapo. Juzi nilifunua kona moja karibu na banda. Chini yake kulikuwa na utando wa kahawia unaoteleza, vinyweleo vya mbwa vimeganda ndani yake, na harufu iliyopanda ilinifanya nitokwe na machozi.

Machozi hayo yana sababu yake. Mkojo wa mbwa umejaa yurea, na bakteria wanaoishi kwenye uchafu huivunja yurea hiyo ikawa amonia, gesi kali inayowasha macho. Kwenye udongo wenye nyasi hai, sehemu kubwa ya naitrojeni hiyo huchukuliwa na mizizi pamoja na vijidudu vya ardhini, na kinachobaki huzama chini na maji. Plastiki haili kitu. Kila tone linalotuama juu ya zege hubaki kuwa chakula cha bakteria mpaka mtu aje alisukume nje kwa maji mengi. Masika mvua ilikuwa ikiifanya kazi hiyo bila malipo, na kipindi cha baridi harufu haikupanda sana, kwa hiyo malalamiko yangu ya mwanzo yalijibiwa kwa maneno matamu. Jua lilipokuja kuwaka sawasawa ndipo ukweli ulipojitokeza.

Ushauri nilioupata kutoka dukani ulikuwa wa hatari kuliko tatizo lenyewe. Fundi aliniambia nimwage dawa ya klorini, ile ya kung'arishia nguo ambayo wengi tunaiita jiki, moja kwa moja juu ya sehemu zinazonuka. Naomba asiwepo mtu anayefanya hivyo. Klorini ya aina hiyo ikikutana na amonia hutoa gesi ya kloramini, ambayo huwasha macho na kuumiza mapafu, na pua ya mbwa iko sentimita chache tu kutoka kwenye kapeti hilo. Anayeuza bidhaa ya mbwa alipaswa kulijua hilo kabla ya mimi kulijua. Kinachosaidia ni maji mengi, na baada yake dawa ya vimeng'enya vinavyovunja uchafu wa mkojo, lakini hata hiyo haifai kitu kama maji hayo hayana pa kutokea.

Sasa, nyasi bandia za mbwa huwekwaje zikiwekwa kwa haki? Zege linavunjwa au linatengenezewa mteremko. Chini inawekwa kokoto iliyoshindiliwa vizuri, kiasi cha sentimita 10 hivi, ikiinama sentimita moja au mbili kwa kila mita kuelekea kwenye mfereji. Sponji laini haliwekwi chini ya kapeti, kwa sababu hunyonya mkojo. Kati ya majani hainyunyizwi punje ya mpira, inamwagwa zeolaiti, madini yenye vitundu vidogo sana yanayoshika amonia na ambayo nayo huhitaji kusuuzwa na kubadilishwa kadiri muda unavyokwenda. Kazi hiyo ni ghali, pengine ghali kuliko kapeti lenyewe, na ningeambiwa bei yake siku ile ningeikubali au ningeikataa kwa hiari yangu. Nilichouziwa ni kapeti tupu kwa bei ya kazi kamili, shilingi 38,000 kwa mita ya mraba, "pamoja na ufundi". Ufundi wenyewe ulikuwa makopo ya gundi na kisu.

Hizo punje za mpira walitaka kunimwagia pia, nikakataa kwa sababu mbwa jike hutafuna kila anachokikuta. Ni matairi yaliyosagwa. Umoja wa Ulaya ulipitisha mwaka 2023 kanuni inayozuia plastiki ndogondogo, na mauzo ya punje za namna hiyo kwa ajili ya viwanja vya michezo yatakoma huko mwaka 2031. Soko likishafungwa kule, mnajua wenyewe mizigo huwa inaelekea wapi.

Jambo la pili ni joto, na hapa ndipo nilipochekwa. "Mama, Arusha ni baridi, hiyo shida ni ya Dar." Hali ya hewa ya Arusha ni ya ubaridi kiasi kwa sababu tuko kwenye mwinuko wa karibu mita 1,400, lakini jua linalotupiga ni la karibu na ikweta, na mwinuko huo huo hulifanya liwe kali zaidi badala ya kulipunguza nguvu. Plastiki hainyonyi maji kutoka ardhini na kuyatoa kama mvuke kupitia majani jinsi nyasi hai zinavyojipoza. Inapokea jua na kulitunza, na vipimo vilivyofanywa nchi mbalimbali vimeonyesha uso wa nyasi bandia ukivuka nyuzi 60 hata pale ambapo hewa yenyewe iko chini sana ya hapo. Mchana wa Januari na Februari mbwa wangu hawakanyagi katikati ya ua. Wanapita kwa kuambaa na ukuta, kwenye kivuli, wakiinua miguu. Kumwagia maji kunapoza kwa muda mfupi tu, kisha joto linarudi, na maji yenyewe kwetu ni ya mgao.

Kupe nalo ni la kulisema, kwa maana ndilo lililonisukuma kununua. Niliahidiwa kwamba nikiondoa nyasi, kupe watakwisha. Kupe wa kahawia anayewasumbua mbwa wengi mijini anapenda kujificha na kutaga kwenye nyufa za banda na za ukuta kuliko nyasini, na huyo ndiye anayeeneza homa inayoua mbwa wengi hapa kwetu. Kapeti halimfanyi lolote. Dawa ya kuogeshea na kupuliza kwenye nyufa za banda ndiyo inayofanya kazi.

Sisemi kwamba nyasi hai hazina kero. Mkojo wa mbwa huziunguza, hasa wa jike, ambaye huchuchumaa na kumwaga wote mahali pamoja. Wakulima wetu wa mahindi wanalielewa hili bila maelezo, maana mbolea ya yurea ikigusa shina huliunguza, na hiki ni kitu kile kile kikiwa kimiminika, pamoja na chumvi. Ndiyo maana duara la kahawia huzungukwa na pete ya kijani kilichokolea, pale ambapo kiasi kilikuwa kidogo kikawa mbolea. Wanaowapa mbwa juisi ya nyanya au magadi ili "kupunguza asidi" wanahangaika bure, kwa sababu tatizo ni wingi wa naitrojeni na chumvi. Ndoo ya maji ikimwagwa mara tu mbwa anapomaliza inatosha. Tatizo ni nani atakayekaa na ndoo kutwa nzima, hilo nakubali.

Ila nyasi hai hujitibu. Jirani yangu mmoja ana mbwa watatu na ua wa ukoka, na madoa yanayotokea kiangazi huzibwa na matawi yanayotambaa mvua za Novemba zinapoanza. Kikuyu nayo, ambayo ni nyasi ya asili ya nyanda zetu za juu za Afrika Mashariki na ambayo nchi nyingine zimeihesabu kuwa magugu kwa ukaidi wake, inavumilia kukanyagwa na inajaza pengo haraka, mradi ipate jua. Chini ya miparachichi au migrevilea itakonda na kufa. Hapo weka nyasi ya Pemba, yenye majani mapana. Wengine wanasifia nyasi ya paspalamu kwa kuwa inastahimili chumvi, na hoja hiyo ina mantiki. Pale mbwa wanapokimbia kando ya uzio kila siku usipande chochote, mwaga kokoto laini, maana hakuna nyasi itakayopona.

Kwa hiyo msimamo wangu ni kwamba kwa ua wa mbwa wenye udongo na jua, katika Arusha hii, nyasi hai ndizo za kuchagua, na bandia zibaki kwenye kibaraza kidogo ambacho msingi wake umejengwa kwa kazi hiyo. Lakini mgogoro wangu na duka lile ni mwingine. Nataka waje walibandue kapeti, wavunje zege, waweke msingi walioniahidi waliponiambia kwamba bidhaa ni maalumu kwa mbwa, au warudishe fedha zangu. Wamenipa ofa ya chupa mbili za manukato ya kupuliza.

Naomba msaada kwa yeyote aliyewahi kupeleka lalamiko la namna hii kwenye Tume ya Ushindani (FCC), ambayo pia humlinda mlaji, chini ya Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003: uliandaa vielelezo gani? Mimi ninayo risiti, picha za zege kabla halijafunikwa, na ujumbe wa simu ambao mwenye duka ameandika mwenyewe maneno "mbwa wakojoe wanavyotaka". Pia kama yupo fundi hapa Arusha au Moshi anayejua kutandika kokoto na mteremko kwa ajili ya mbwa, aniandikie, nataka nipate makadirio ya kuonyesha gharama halisi. Wale wa "si uuze mbwa tu" naomba mpite kimya kimya.