Mhudumu kakwangua UKOKO wa paella mbele ya mama mkubwa akaenda kuutupa!! Mliopo Madrid mnamjua

MtuWaKilombero:

Wakuu, habari zenu, yangu mimi si nzuri. Nimetoka pale sasa hivi, naandika nikiwa kwenye ngazi za metro, mikono inatetemeka. Sina haja ya kumtaja, mliopo Madrid wote mnamjua. Yule mhudumu mwenye kitambaa begani na masharubu ya kusokota, kwenye ule mgahawa wa Kivalencia ambao kila Mtanzania akipata mgeni anampeleka. Huyo huyo.

AMEUKWANGUA UKOKO. AKAUTUPA.

Ngoja nieleze. Mama mkubwa kaja kunitembelea kutoka Ifakara. IFAKARA wakuu! Mwanamke kazaliwa jarubani, kakulia jarubani, kasomesha watoto kwa mpunga. Nikasema huyu simpeleki kula baga, nampeleka akaone Wahispania nao wanavyouheshimu mchele. Nikapiga simu mapema, maana paella ya kweli, ule wali wao wa kikaangoni, inaagizwa, na hawampikii mtu mmoja, wanaanzia wawili. Tukaenda mchana, saa nane na nusu, kwa sababu Mvalencia anayejiheshimu hali paella usiku.

Na chakula kilikuja cha maana, siwezi kusema uongo. Kikaango kipana kama ungo, wali umetandazwa mwembamba, haufiki hata unene wa kidole. Kuku, sungura, maharage mabichi yale mapana, na yale makubwa meupe wanayoyaita garrofó. Zafarani ya kweli, siyo rangi ya pakiti. Kijiti cha rozmari juu. Hakuna kamba, hakuna chorizo, ile soseji yao nyekundu ya nguruwe. Mama mkubwa akainama, akanusa, akasema, "Hawa watu wanajua." Mniamini, mama mkubwa hajawahi kumsifia mpishi tangu nchi ipate uhuru. Kwenye harusi yangu alizunguka jikoni akiuliza ni nani aliyeua pilau.

Tukala. Mama mkubwa anatafuna huku jicho liko chini ya kikaango, ameshaiona kahawia inachungulia pembeni. Waliokula wanajua, ule ukoko, wenyewe wanauita socarrat, ndiyo paella yenyewe. Mchele ukishaingia haukorogwi tena. Mwishoni mpishi anapandisha moto, anatega sikio asikie unavyotatarika chini, anaepua, anauacha utulie. Akichelewa kidogo umeungua, akiwahi hakuna kitu. Ile ni kazi ya sikio na pua. Kuna mtu jikoni pale aliifanya kwa ajili yetu, Mungu ambariki huyo mtu na uzao wake.

Halafu yule bwana akaja. Hakuuliza. Akashika kikaango. Akatoa kijiko cha CHUMA. Kwarrr. Kwarrr. Kipande kimoja kiling'oka kizima, saizi ya kiganja, upande wa chini unang'aa mafuta na punje zimeshikana hazijavunjika hata moja. Akakiweka kwenye sahani chafu, juu ya mifupa ya sungura na vipande vya limau vilivyokamuliwa, akaanza kuondoka nacho. Namwita, "Oiga, unapeleka wapi?" Akageuka anatabasamu: "Nimewaondolea iliyoungua. Wageni huwa wanalalamika."

WAGENI HUWA WANALALAMIKA. Mtu wa Ifakara anaambiwa hajui ukoko!

Mama mkubwa hasikii Kihispania, lakini pipa alilisikia. Akaweka uma chini, akaniuliza polepole, "Mwanangu, yule kijana kwao kuna wazazi?" Sikuwa na jibu. Nimelia wakuu, nimelia mpaka Wahispania wakaanza kunipa leso.

Na meza ya pili kulikuwa na wazee wawili wenyeji. Wao wameachiwa kikaango chao katikati ya meza, wanakwangua wenyewe kwa vijiko vya mbao, kila mtu upande wake, wanatafuna sauti inafika kwetu. Krau, krau. Ile sauti nitazikwa nayo.

Bili ikaja na mkate ambao hatukuuagiza. Mkate nimesamehe. Ukoko sisamehi. Yule mtu anyang'anywe kitambaa, apelekwe Albufera kule Valencia kwenye mashamba ya mpunga, apande kwa mkono mpaka mgongo wenyewe umfundishe. Kakwangua. Kijiko cha chuma. Katupa. Wasimamizi, tafadhali msiuunganishe uzi huu na ule wa nauli za ndege.

BintiMakorora:

NAMJUA!! Masharubu hayo hayo. Mimi aliniondolea sahani kijiko kikiwa bado mdomoni. Pole sana kaka, mpe mama pole, mwambie Tanga nzima tumeumia.

KakaWaLavapies:

Sasa mkuu, mtu mzima na ndevu zako unalia kwenye ngazi za metro kwa ajili ya ukoko? Halafu unakaa Madrid unaenda kula chakula cha Valencia. Treni ya kasi mpaka Valencia haimalizi hata saa mbili. Mgeni wa Madrid anapelekwa kula cocido, au callos kama anapenda utumbo. Umeyataka mwenyewe.

MtuWaKilombero:

Soma uzi kabla ya kujibu. Paella ilikuwa NZURI. Mpishi hana kosa, Madrid haina kosa. Kosa ni kijiko cha chuma. Kama angekukwangulia wewe ungeshaandika uzi wa kurasa kumi.

MzeeWaChungu:

Afadhali wewe ulikula kwanza. Kwa kuwa cocido imetajwa, naomba na mimi nitoe la moyoni. Cocido ya Madrid inaletwa kwa awamu. Kwanza supu na tambi nyembamba. Pili dengu na kabichi, karoti, viazi. Mwisho nyama, ng'ombe, kuku, mafuta ya nguruwe, chorizo. Nendeni La Bola mkaone, wapo tangu 1870, kila mtu anapikiwa kwenye chungu chake cha udongo juu ya makaa, supu inamiminwa mbele yako na vingine vinabaki chunguni vikisubiri zamu. Basi juzi mwenzenu nimealikwa mahali pengine, sipataji, wanaleta kila kitu KWENYE BAKULI MOJA. Tambi zimelala juu ya chorizo. Nikauliza, jamani hii ni nini? Wananiambia ni ya kisasa.

KakaWaLavapies:

Ya kisasa 😂 Hapo nakuunga mkono mzee, wafungwe.

SalmaNgazija:

Nyie mnalilia chorizo na ukoko, sisi tusiokula nguruwe tuseme nini? Kila kitu nchi hii kina jamoni, lile paja la nguruwe la kukausha. Nimeagiza maharage mabichi, nimemuuliza yule dada mara ya kwanza na ya pili, "Hayana nyama?" Anasema hayana, kabisa. Yamefika yamejaa vipande vyekundu. Namwuliza hivi ni nini? "Hiyo si nyama, ni jamoni tu." JAMONI TU. Salmorejo ya Córdoba nayo, nyanya na mkate na mafuta ya zeituni, kitu safi kabisa, wanamwagia jamoni juu na yai. Nimeishia kula samaki mpaka naogopa paka.

BintiMakorora:

Dada Salma, nenda Casa Labra, wapo tangu 1860, wana vipande vya bakalao wanavikaanga, unakula umesimama. Ndipo kilipoanzishwa chama cha Kisoshalisti mwaka 1879. Siasa siijui ila samaki ni mtamu.

SalmaNgazija:

Samaki tena 😭

MpembaUghaibuni:

Aliyetaja samaki kanikumbusha donda. Mimi mtu wa pweza, nimelelewa na pweza. Wagalicia, wale wa kaskazini-magharibi mwa Hispania, nawaheshimu, pweza wanamchemsha kwenye sufuria la shaba, wanamkata kwa mkasi, anakuja kwenye sahani ya mbao na chumvi ya mawe, pilipili nyekundu ya unga na mafuta ya zeituni. Mabingwa wenyewe ni watu wa O Carballiño, mji ambao hata bahari hauna, na kila Agosti wanafanya sherehe ya pweza. Sasa kuna mgahawa hapa Madrid umeandika mlangoni kwa herufi kubwa kuwa ni wa Kigalicia. Pweza kaja kwenye kisahani cha kioo, wa moto pembeni, wa baridi katikati. Wamempasha kwenye maikrowevu! Nilimtafuna kuanzia adhuhuri, adhana ya alasiri ikanikuta bado niko na mguu wa kwanza.

KakaWaLavapies:

Pweza mgumu ni kwa sababu hakupigwa. Kwetu anapigwa mpaka anatubu.

MpembaUghaibuni:

Zamani hata wao walimpiga. Siku hizi wanamgandisha kwanza kwenye friza, barafu inalainisha nyama. Kwa hiyo yule hakugandishwa, hakupigwa, hakuchemshwa vizuri. Alionewa tu.

MtuWaKilombero:

Wakuu, pweza mfungulieni uzi wake. Mama mkubwa amekaa pale sebuleni, hajavua kilemba tangu turudi. Kaniuliza tena, "Alikitupa kile kikubwa? Chote?" Nimemwambia chote.

MwalimuMstaafu:

Ndugu mleta uzi, ungeomba hoja de reclamaciones. Mgahawa wowote unatakiwa kisheria kuwa na fomu za malalamiko, na hawaruhusiwi kukunyima. Pia kwa faida ya wengi, mchele uliingia Hispania na Waarabu, na hata mifereji ya kumwagilia mashamba ya Valencia ilistawishwa enzi zao.

MtuWaKilombero:

Mwalimu shikamoo. Fomu niliomba na nikaijaza. Penye maelezo ya tukio nikaandika, "Amekwangua ukoko bila idhini." Penye madai nikaandika, "Ukoko." Meneja kaisoma, akasoma tena, akaniuliza kama nataka kahawa ya bure. Kahawa! Ukoko unalipwa kwa kahawa?

BintiMakorora:

"Bila idhini" 😂😂😂 nimekufa. Lakini ungenywa, kahawa ya bure si ya kukataa.

KakaWaLavapies:

Hii fomu itungikwe ukutani. Mkuu umeishtaki Hispania kwa ukoko. Ingefaa uwe wakili wa wale waliomvamia mtandaoni Jamie Oliver, yule mpishi wa Uingereza, 2016 alipotia chorizo kwenye paella. Nchi nzima ilimshukia.

MgeniMpya2:

Samahani wakuu, mimi nina mwezi tu hapa. Hivi ni mimi tu au jikoni zao huwa zimefungwa? Nimetoka kazini saa kumi na mbili jioni nina njaa ya kuua, nimeingia kwenye mgahawa, viti vimejaa, watu wanakunywa, nikaomba chakula wakanicheka. Wanasema jikoni hakuna mtu, nirudi saa tatu usiku. Saa tatu! Nikirudi si watanikuta nimeshazikwa?

MzeeWaChungu:

Karibu Hispania mwanangu. Mchana unakula saa nane mpaka saa kumi, usiku kuanzia saa tatu. Katikati unaomba Mungu. Kama una haraka, ule mkate wa ngisi wa kukaanga karibu na Plaza Mayor, wale hawafungi jioni.

SalmaNgazija:

Na maji jamani? Kuna sheria ya 2022, mgahawa lazima ukupe maji ya bomba bure ukiomba. Unaomba, mtu anakubali kwa kichwa, anarudi na chupa ameshaifungua. Ameshaifungua! Sasa utaikataa vipi?

MpembaUghaibuni:

Anaifungua njiani makusudi. Mimi chupa yangu ilikuwa ghali kuliko bia.

MtuWaKilombero:

Nawaomba turudi kwenye mada. Mhudumu mwenye masharubu. Kijiko cha chuma. Nani yuko tayari twende kesho kundi zima tukaagize vikaango kumi, kila mmoja ashike chake kwa mikono miwili?

KakaWaLavapies:

Kesho nafanya kazi. Ila mgeni mpya, jioni ukibanwa na njaa omba tortilla, kila baa ina tortilla kwenye kabati la kioo. Mayai na viazi, utajiona uko Sinza na chipsi mayai. Ila hakikisha HAINA kitunguu.

BintiMakorora:

Isiyo na kitunguu?? Umelelewa wapi wewe? Tortilla bila kitunguu ni viazi na huzuni.

KakaWaLavapies:

Ile ya Betanzos haina kitunguu, viazi na mayai tu, ukiikata katikati inatiririka. Ndiyo inayosifiwa kuliko zote Galicia. Kitunguu kinaficha viazi vibovu.

MzeeWaChungu:

Inatiririka! Yai bichi mtu mzima analiitaje chakula?

MpembaUghaibuni:

Kitunguu lazima. Kikaangwe polepole mpaka kiwe kitamu, kiwekwe pamoja na viazi. Asiyekitaka ana lake jambo.

SalmaNgazija:

Mimi sina upande, ilimradi haina "jamoni tu".

KakaWaLavapies:

Nyie watu wa pwani mtatia kitunguu hata kwenye chai. Sibadilishi msimamo.

MwalimuMstaafu:

Wahispania wenyewe wamegawanyika kwa jambo hili na hawajapatana mpaka leo. Mimi nakula na kitunguu.

BintiMakorora:

Mwalimu kasema, imeisha. Jumamosi kwangu, nakaanga mbili, Kaka wa Lavapiés atakaa na yake pembeni. Mgeni mpya njoo na mayai, Mpemba lete mafuta ya zeituni, yale mazuri siyo ya kwenye dumu.

MpembaUghaibuni:

Nakuja. Saa ngapi, ya Hispania au ya kwetu?