Kipindi cha kungoja: mtu afanye nini zaidi ya kuomba?

Tumaini_Hai
Bwana asifiwe wapendwa. Kwenye kikundi chetu cha Biblia wapo wanaongoja kazi, wengine ndoa, wengine mtoto. Kila wakiuliza wanaambiwa "endelea kuomba, wakati wa Bwana ndio sahihi". Sawa, lakini Jumatatu asubuhi mtu anaamka akiona maisha yake yamesimama mpaka jibu lije. Kusudi lake ni lipi kabla ya jibu? Na aombeje asichoke? Naomba majibu ya vitendo.

Mwalimu_wa_Neno
Amina, mpendwa. Anzeni na Yeremia 29, ila msianzie mstari wa 11, ile ahadi ya mawazo ya amani na tumaini, kama wengi wanavyofanya. Sura hiyo ni barua kwa watu waliohamishwa kutoka Yerusalemu kwenda Babeli. Katika sura ya 28 Hanania, nabii wa uongo, alikuwa ametabiri kwamba ndani ya miaka 2 vyombo vya hekalu na mateka watarudi. Barua ya Yeremia inasema miaka 70. Aliyeahidiwa miaka 2 hana sababu ya kufungua mizigo, ndiyo maana maagizo ya mstari wa 5 hadi 7 yanatangulia ile ahadi: jengeni nyumba, pandeni bustani, oeni na kuolewa, utakieni amani mji mliomo na kuuombea. Hizo ni kazi za kila siku, na zote zinafanyika kabla ya kurudi.

Kwa vitendo: chukua karatasi, juu andika unachongoja. Chini yake andika kila ulichokisimamisha kwa sababu hiyo: "nikipata kazi nitaanza kutoa", "nikiolewa nitahudumu". Kwa kila kimoja jiulize, ni Mungu aliyesema kisubiri, au ni mimi? Utashangaa vingi Maandiko yamekwisha kuviagiza bila sharti. Chagua kimoja tu, kipe siku, saa na mtu atakayekuuliza kama umekifanya. Anayechagua vitano huviacha vyote, halafu anajiona ameshindwa mara mbili.

Mama_Maombi
Naongezea upande wa maombi. Tumieni Zaburi 13, ina mistari 6 tu. Mstari wa 1 na 2 ni malalamiko, "hata lini" inarudiwa mara 4. Wa 3 na 4 ni ombi. Wa 5 na 6 ni kutumainia fadhili za Bwana. Kila mtu aandike yake kwa mpangilio huohuo, sentensi mbili tatu kila sehemu, kisha aisome kwa sauti. Dakika 15 zinatosha. Anayeruka malalamiko anaishia kusema maneno mazuri ambayo moyo haumo, na huyo ndiye anayechoka haraka. Anayebaki kwenye malalamiko tu naye anatoka mzito kuliko alivyoingia.

Kufunga ni kuzuri, ila msifunge ili kumlazimisha Mungu. Someni Isaya 58 kwanza. Mjamzito, mwenye kisukari na anayetumia dawa aongee na daktari kabla.

Nehemia2
Kwa wanaongoja kazi, nasisitiza: kungoja si kukaa. Nehemia, mnyweshaji wa mfalme wa Uajemi, alipata habari za kubomoka kwa Yerusalemu mwezi wa Kisleu, akasema na mfalme mwezi wa Nisani, kama miezi 4 baadaye. Mfalme alipomuuliza anataka nini, aliomba papo hapo, kisha akataja muda wa safari, barua kwa maliwali na miti ya malango (Neh 2:4–8). Hesabu ilikuwa tayari kichwani. Kwa hiyo anayeomba kazi aandae vyeti, wasifu na wadhamini sasa hivi, na aendelee kutuma maombi huku akisali.

Jihadharini na kumwekea Mungu tarehe. Mfalme Sauli alimngoja nabii Samweli siku 7 Gilgali, akaona watu wanatawanyika, akatoa sadaka mwenyewe badala ya kumngoja. Alipomaliza tu, Samweli akafika (1 Sam 13). Ukiona unakimbilia uamuzi, iwe ndoa au mkopo, andika unachoogopa kitatokea usipoamua leo. Kama hofu ndiyo sababu pekee, waone kwanza waumini wawili waliokomaa ambao hawanufaiki na uamuzi huo.

Mwalimu_wa_Neno
Vema sana, Nehemia2. Nyongeza moja kwa viongozi. Yusufu aliuzwa akiwa na miaka 17, akasimama mbele ya Farao akiwa na 30, nasi tunapenda kuhubiri kana kwamba kila mtu ana Farao wake anayemngoja. Waebrania 11:39 inataja watu walioshuhudiwa kwa imani yao na hawakuipata ile ahadi. Anayengoja mtoto au mwenzi msimwahidi ambalo Mungu hakumwahidi. Mwambieni leo ni mtumishi kamili, mpeni zamu kama wengine, na msimuulize kila Jumapili "vipi, bado?"

Na mtu akikosa usingizi, hamu ya kula na raha ya jambo lolote kwa wiki 2 au zaidi, inaweza kuwa sonona, yaani ugonjwa wa huzuni kubwa. Amwone daktari huku mkiendelea kumwombea. Akisema anataka kufa, msimwache peke yake hata kidogo, mpelekeni hospitali siku hiyohiyo.